Mguu mmoja hauendi, mwingine hauungui: mume wangu anaigiza?

SWALI

Shikamoo Mama,

Nimechoka kubishana na watu wa nyumbani, nikasema niandike kwako uliyekaa wodini miaka mingi. Mume wangu ni dereva wa bodaboda hapa Muheza. Mwezi wa tatu, saa nne usiku, alipakia mishkaki, vijana wawili waliosema wanakwenda nje kidogo ya mji. Walipofika gizani mmoja akamchoma kisu mgongoni, wakaondoka na pikipiki. Wasamaria walimkuta amelala kifudifudi, anaongea vizuri lakini miguu haimtii.

Hospitali walimshona na kumpiga picha. Daktari alinieleza mambo mengi kwa haraka, na mimi siku ile nilikuwa natetemeka, sikushika kitu zaidi ya kwamba uti umekatwa nusu. Alikaa wodini wiki tano, wiki tatu za mwanzo akiwa na mrija wa mkojo. Kovu liko kushoto, sentimita mbili hivi kutoka katikati ya mgongo, usawa wa ncha ya chini ya bapa la bega.

Sasa ni miezi mitano. Mguu wa kulia una nguvu zote. Wa kushoto ni mzito, anauburuta, anatembea kwa gongo. Hilo tulishalizoea. Kilicholeta moto nyumbani ni hiki: wiki mbili zilizopita rafiki yake alikuja na pikipiki, mume wangu akaipanda akae tu, aondoe hamu. Ilikuwa imetoka safari. Ndama ya mguu wake wa kulia ikaegemea egzosi. Mguu uliruka kidogo, ukarudi palepale, naye anaendelea kupiga stori! Ni mimi niliyesikia harufu ya nyama. Nilipomtoa ngozi ilikuwa imebaki kwenye chuma, na yeye ananiuliza nalia nini. Kidonda bado kinatoa majimaji.

Shemeji yangu, ambaye ni kaka yake mkubwa na ndiye mwenye ile pikipiki iliyoibwa, alipoona hivyo akasema wazi kwamba tunamchezea. "Mguu mbovu unasikia, mguu mzima hausikii. Kupooza gani huko?" Akaufinya ule wa kushoto, mume wangu akapiga kelele kama kachomwa msumari. Shemeji akacheka, akasema mwenye kupooza halii. Anaamini pikipiki imeuzwa na haya mengine ni maigizo.

Mama mkwe yeye hasemi anaigiza, anasema kuna jini. Sababu yake ni kwamba mume wangu akikaa na kugusisha vidole vya mguu wa kushoto chini, mguu unaanza kutetemeka wenyewe, tuku tuku tuku, hausimami mpaka aukandamize goti. Amepata mganga anayetaka mbuzi na laki mbili, na anataka kumchanja chale kwenye mguu ule usiosikia, damu mbaya itoke. Ni Jumapili hii.

Na mimi nina langu nililoliona. Akiinama kunawa uso, akifumba macho kwa ajili ya sabuni, anaanguka. Mara tatu sasa. Na upande wa kulia, kuanzia kwenye kitovu kwenda chini, maji ya moto na ya baridi kwake ni sawa. Juu ya kitovu anasikia.

Mama, anaigiza? Atapona? Na mambo ya chumbani, nisamehe kuuliza, yatarudi? Tuna mtoto mmoja tu. Na shemeji anataka arudi barabarani mwezi ujao alipe deni.

Mama Salma, Muheza


JIBU

Marahaba mwanangu. Poleni nyote wawili.

Nianze na lisilosubiri, shemeji yako nitamfikia. Kidonda cha wiki mbili kinachotoa majimaji kwenye ngozi isiyosikia hakikai nyumbani. Kesho asubuhi nendeni kituo cha afya kikaoshwe na kufungwa vizuri, na muulize kama anahitaji sindano ya pepopunda. Mtu mwingine kidonda chake kikianza kuoza maumivu humwamsha usiku. Huyu wako atalala fofofo mpaka homa impande. Kwa sababu hiyohiyo Jumapili wembe usiuguse mguu ule. Mwambie mama mkwe kwa adabu kwamba dua zote zinakaribishwa, kisomo kinakaribishwa, ila ngozi ya mguu wa kulia imekatazwa kupata tundu jipya. Ukibanwa sana sema ni mimi niliyekataza.

Sasa hilo la kuigiza. Mume wako haigizi. Na sisemi kwa huruma: kila ulichoniandikia, na hasa vile vinavyomfanya shemeji acheke, vinaonyesha mahali kisu kilipopita. Mtu akitaka kujifanya kapooza atalegeza mguu na kusema hausikii chochote. Hakuna mjanja wa kijiweni atakayebuni mguu wa kushoto usio na nguvu lakini wenye maumivu, pamoja na mguu wa kulia wenye nguvu lakini usiojua moto, kisha aweke mpaka kwenye kitovu. Kubuni hivyo kunahitaji kwanza ukae darasani ujifunze jinsi ubongo na miguu vinavyopelekeana habari.

Kiswahili chetu cha mtaani kinaita vitu viwili kwa jina moja, uti wa mgongo. Kuna mifupa, zile pingili unazozihesabu kwa kidole. Na kuna kinachopita katikati yake, ugwe wa mgongo, laini, unene kama wa kidole kidogo, na kwa mwanamume mzima urefu wake ni karibu sentimita 45. Ugwe ni mfupi kuliko mifupa inayoulinda. Unaishia juu kidogo ya kiuno, na kuanzia hapo ni nyuzi tu zinazoning'inia kama mkia wa farasi. Kila upande zinatoka neva 31, na kila neva inashikamana na ugwe kwa mizizi miwili: wa nyuma huingiza habari za mwili, wa mbele hutoa amri kwenda kwenye misuli. Mgawanyo huo Charles Bell aliugusa London mwaka 1811 na François Magendie akauonyesha wazi Paris mwaka 1822.

Wewe ni mtu wa Tanga, kamba ya katani unaijua. Ugwe ni kamba ya namna hiyo, singa nyingi zimelala pamoja, na kila kundi la singa lina kazi yake. Kwa mume wako makundi matatu yanatosha kueleza kila kitu. Fuatana nami polepole, na ukitaka chora kwenye karatasi, hata wanafunzi wa udaktari hapa huchora.

Kundi la kwanza linabeba amri za kutembea. Amri ya mguu wa kushoto huzaliwa ubongo wa kulia. Inashuka hadi sehemu ya chini ya shina la ubongo, kisogoni pale kichwa kinapokutana na shingo, na hapo singa nyingi, karibu tisa katika kila kumi, huvuka kwenda upande wa pili. Kwa hiyo ikifika mgongoni, amri ya mguu wa kushoto imeshakuwa kushoto.

Kundi la pili linapandisha habari za mkao, yaani goti limekunjwa kiasi gani, kidole kiko juu au chini, pamoja na mtetemo na mguso wa kina. Haya ni mawasiliano ya haraka, mengine hukimbia karibu mita 100 kwa sekunde. Habari za mguu wa kushoto huingia kushoto, hupanda kushoto, hazivuki mpaka zifike kule kisogoni.

Kundi la tatu linabeba maumivu, joto na baridi, na hili ndilo lenye tabia ya peke yake. Abiria wengine wote wanapanda gari mpaka mwisho wa barabara ndipo wavuke. Huyu wa maumivu akishuka tu kituoni anavuka hapohapo, au baada ya pingili moja mbili. Kwa hiyo maumivu ya mguu wa kulia, yakifika mgongoni, yanapanda kwa upande wa kushoto.

Sasa chukua kisu, kata nusu ya kushoto ya kamba, halafu uniambie umekata nini. Umekata amri za mguu wa kushoto: mguu mzito, unaburuzwa. Umekata habari za mkao za mguu wa kushoto. Na umekata maumivu na joto la mguu wa kulia, ambavyo vilikuwa vimeshahamia kushoto. Maumivu ya mguu wa kushoto yenyewe hukuyagusa, maana yalishavuka kwenda kulia chini ya kisu, yanapanda salama.

Ndiyo maana alipofinywa alilia. Madaktari wa zamani waliona kwamba upande ulioishiwa nguvu mara nyingi maumivu huzidi hata ya mtu mzima, mguso mdogo unauma kama msumari. Neno lako mwenyewe hilo, msumari. Shemeji alipima bila kujua, na jibu alilolipata lilikuwa sahihi, akalisoma kichwa chini miguu juu.

Na kitovu je? Ngozi ya usawa wa kitovu hutumia neva ya kumi ya kifua. Kovu lako umelieleza usawa wa ncha ya bapa la bega, ambapo ni pingili ya saba hivi. Lakini kwa kuwa ugwe ni mfupi kuliko mifupa, ndani ya pingili ya saba tayari kuna sehemu ya nane au ya tisa ya ugwe. Ongeza ile pingili moja mbili ambayo maumivu hupanda kabla hayajamaliza kuvuka, unaangukia kwenye kumi. Kwenye kitovu. Nilipofika mstari huo wa barua yako niliweka miwani chini. Dada umeshika mpaka kwa maji ya kuogea tu, kazi ambayo daktari huifanya kwa sindano na pamba.

Kuanguka anaponawa uso ni lile kundi la pili. Ubongo wake haupati tena habari kwamba mguu wa kushoto uko wapi, kwa hiyo unatumia macho. Akifumba macho kwa sabuni, mguu wa kushoto unapotea kama haupo. Umeme ukikatika usiku itakuwa vilevile. Anawe akiwa amekaa kwenye kigoda, na tochi ikae kando ya mto wake wa kulalia. Hapa wala hakuna tiba ya kungoja, kigoda kipo jikoni.

Kuhusu egzosi, uliona kitu ambacho wengi wangekipuuza: mguu uliruka kidogo ukarudi. Ugwe si bomba la kupitisha tu, una maamuzi madogo unayoyafanya wenyewe. Ukikanyaga mwiba, mguu unanyanyuka kabla hujajua umekanyaga nini, kwa sababu habari imeingia mgongoni na amri imetoka hapohapo bila kupanda kichwani. Kazi hiyo ya chini bado anayo, kisu kilipita juu yake. Kilichokosekana ni taarifa kufika ubongoni kwamba bado unaungua, toka hapo. Askari wa zamu alishtuka, bosi hakupigiwa simu.

Na jini la mama mkwe liko hapohapo. Siku zote ubongo hutuma pia breki, unautuliza ugwe usirukeruke ovyo. Breki za mguu wa kushoto zimekatwa pamoja na amri. Ukinyoosha misuli ya ndama ghafla, kama anapogusisha vidole chini, msuli unajikunja, unajinyoosha, unajikunja tena, na hakuna wa kuusimamisha. Akikandamiza goti, kisigino kikashuka chini, unatulia. Daktari akikamata unyayo na kuusukuma juu kwa ghafla atauona mtetemeko huohuo. Ukimsumbua mpaka halali, zipo dawa za kulegeza misuli, waulize kliniki.

Utasema mbona wa kiharusi hawako hivi. Jirani akipata kiharusi, mara nyingi mkono na mguu wa upande mmoja hukosa nguvu na kusikia kwa pamoja. Hiyo ni kwa sababu kiharusi kimepiga juu kichwani, ambako makundi yote yameshamaliza kuvuka na yamekaa upande mmoja. Watu wetu wamezoea kupooza kwa namna hiyo, ndiyo maana huyu wako anaonekana mwongo.

Aliyeupa ulimwengu maelezo ya jambo hili ni mtu wa bahari yetu hii ya Hindi. Charles-Édouard Brown-Séquard alizaliwa Port Louis, Mauritius, mwaka 1817. Alikwenda Paris kusoma, na kufikia katikati ya karne ile alikuwa ameonyesha kwa wanyama kwamba ukikata nusu ya ugwe, nguvu hupotea upande uliokatwa na maumivu hupotea upande wa pili. Hali ya mumeo mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Ukifika kliniki sema tu hivi: "Amekatwa nusu ya ugwe, ana Brown-Séquard." Utaona wanavyokutazama.

Shemeji mpe haki yake ya kuona kwa macho, maana naye kapoteza mali na ana uchungu. Mkalishe. Mume wako afumbe macho. Shemeji ashike kidole gumba cha mguu kwa pembeni, akipeleke juu au chini kidogo tu, aulize kiko wapi. Kulia atajibu sawasawa, kushoto atabahatisha. Kisha chupa ya maji kutoka kwenye friji na nyingine ya maji ya kawaida, aguse mguu mmoja mmoja. Kushoto atazitofautisha, kulia hatajua. Msitumie kitu cha moto wala sindano. Na msipime kwa kugusa kwa pamba au kidole, mguso mwepesi una njia mbili za kupanda, moja kila upande, kwa hiyo atausikia miguu yote na shemeji atapata la kusema tena.

Atapona? Nikwambie kwa uaminifu wa wodini. Singa zilizokatwa ndani ya ugwe hazioti tena kama neva ya kidole inavyoweza kuota. Ila kisu hakikati kila kinachoonekana kimekufa, sehemu nyingine ilivimba tu au kubanwa na damu, na ile iliyobaki nzima hujifunza kubeba kazi ya jirani. Kati ya waliojeruhiwa ugwe bila kukatika wote, hawa wa nusu ndio wenye bahati kubwa, wengi wao hurudi kutembea. Sehemu kubwa ya nafuu huja miezi sita ya mwanzo na huendelea taratibu hadi mwaka wa pili. Ninyi mko mwezi wa tano na tayari anatembea kwa gongo. Mguu wa kushoto utaendelea kupata nguvu kuliko wa kulia utakavyorudisha moto na baridi, hilo la pili usilitegemee sana.

Hukuniandikia habari za mazoezi, na hiyo imenitia wasiwasi. Anahitaji fiziotherapia sasa, wakati mlango uko wazi. Ombeni rufaa mwende hospitali ya Bombo, Tanga mjini si mbali nanyi. Wakimwona vidole vinakwaruza chini watamtengenezea kishikizo cha kifundo, kitu chepesi kinachoingia kwenye kiatu, na mwendo hubadilika. Mkiambiwa mwende MOI, ile taasisi ya mifupa ya Muhimbili, kwa kipimo cha MRI, picha ya ndani inayopigwa kwa sumaku, waambieni mapema kwamba ni jeraha la kisu. Kama kuna ncha ya chuma iliyobaki ndani lazima wajue kabla hajaingia kwenye mashine ile, sumaku yake si ya mchezo.

Kwa miaka niliyofanya kazi nilizoea kuona familia nzima inahangaikia mguu uliopooza. Wanaukanda, wanauchua, wanauombea. Ule mwingine unaachwa kwa kuwa unatembea. Kwa mume wako mguu wa kuogopa ni huo unaotembea. Huo ndio utakaokanyaga msumari na kurudi nao nyumbani. Avae viatu vya kufunika hata uani, avikung'ute kabla ya kuvivaa. Jiko la mkaa likae upande wake wa kushoto, atalisikia. Maji ya kuoga ayapime kwa mkono. Kila jioni mkague unyayo na katikati ya vidole kwa kioo kidogo, na makalio pia upande wa kulia, maana kukaa sana bila kusikia kunatoboa ngozi. Ajinyanyue kwenye kiti kila baada ya muda.

Mrudishe hospitali siku hiyohiyo ukiona mkojo umekataa tena, au ganzi inapanda juu ya kitovu, au mguu wa kulia unaanza kukosa nguvu, au ndama moja imevimba ghafla, au homa na maumivu ya mgongo vimekuja pamoja, au kovu linatoa maji maangavu kama ya kisima.

La chumbani hukukosea kuuliza. Neva za kazi hiyo hutoka chini kabisa kwenye ugwe, mbali na kisu, na kwa kuwa nusu ya kamba ipo, wengi wa namna yake hurudi kuwa waume wa wake zao na watoto huzaliwa. Mkojo kurudi baada ya wiki tatu ni dalili nzuri, vitu hivyo viwili ni majirani. Kwa sasa usisahau kwamba paja la kulia halisikii kama zamani, la kushoto linaweza kusikia kupita kiasi, na misuli inaweza kukakamaa katikati ya mambo. Ongeeni, mjaribu taratibu, na kama bado, nendeni wawili kwa daktari. Dawa za nguvu zinazouzwa stendi muachane nazo. Hata yule mtaalamu wetu wa Mauritius, alipofika miaka 72 mwaka 1889, alijidunga maji ya korodani za wanyama na kutangaza mbele ya wenzake Paris kwamba ujana umerudi. Walimcheka. Akili nyingi haimzuii mwanamume kujaribu.

Limebaki la barabarani. Mwezi ujao hapana, na mwambie shemeji sababu zake kwa lugha anayoijua. Pikipiki gia zake ziko mguu wa kushoto. Mguu huo hauna nguvu na haujui uko wapi bila kutazamwa, na huwezi kuendesha ukitazama kidole. Egzosi iko kulia, kwenye mguu usiosikia moto. Yaani chombo kile kimepangwa kana kwamba mtu alikusudia kumdhuru mume wako. Ila bajaji gia zake ziko mkononi, na breki yake ya mguu ni ya kulia, mguu ambao nguvu anazo na mkao wake anaujua hata akifumba macho. Fiziotherapia ikiendelea vizuri, na daktari akiridhika na mgongo wake, mwakani hilo ni jambo la kukaa na shemeji mkalizungumza, bei na mkataba wake. Nenda na kidonda kwanza.